Shela la Sista na Hofu Iliyokosea Mlango

Jumapili moja ya mwezi wa saba, baada ya misa ya kwanza, nilisimama nje ya kigango chetu hapa Ganako nikisubiri jua litoke. Anayeijua Karatu ya Julai anaijua baridi ninayoisema. Ukungu unashuka kutoka msitu wa Ngorongoro, unatanda juu ya mashamba ya mbaazi, na watu wanazungumza wamejifunika mashuka mpaka masikioni. Sista anayefundisha chekechea alitoka kanisani akaja kusalimia akina mama. Mtoto mmoja wa kiume, hajatimiza hata miaka sita, alipomwona aliruka nyuma ya bibi yake, akaishika sketi kwa mikono miwili na kupiga yowe: "Aama, Valaki!"

Bibi hakujua Valaki ni nani. Vijana waliokuwa karibu walijua, wakacheka. Mimi nilijua pia, lakini nilikuwa nikimtazama sista. Uso ulimsawijika. Alisimama pale kidogo, kisha akachuchumaa kwenye udongo mwekundu, akachomoa pini mbili na kulivua shela lake taratibu mbele ya watu wote. Chini yake zilikuwamo nywele fupi zilizoanza kuingia mvi, na kovu dogo juu ya sikio la kushoto. "Njoo ushike," akamwambia mtoto. Mtoto alichukua muda. Mwishowe akaja, akazishika nywele, akalishika sikio, kisha akauliza yale meno mengine ameyaweka wapi. Sista akafungua kinywa akamwonyesha. Palikuwa na pengo moja upande wa juu, basi.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwaza juu ya kilichoingia katika kichwa cha yule mtoto, na mlango kilioingilia.

Valak ni pepo wa filamu ya The Nun, iliyotoka mwaka 2018. Alionekana kwa mara ya kwanza katika The Conjuring 2 ya mwaka 2016, kwa muda mfupi tu, uso mweupe kama chokaa na macho ya manjano ndani ya shela jeusi, na muda ule mfupi ukatosha kumpatia filamu yake mwenyewe. Hadithi imewekwa Romania mwaka 1952. Mtawa amejinyonga, Vatikani inawatuma padre mmoja na mnovisi mmoja wakachunguze, na ndani ya abasia ile ya zamani wanamkuta pepo aliyevaa mavazi ya kitawa. Iligharimu kama dola milioni 22 kutengenezwa, ikaingiza zaidi ya milioni 360 duniani kote. Mwaka 2023 ikaja sehemu ya pili.

Filamu za namna hii hazifiki kwetu kupitia majumba ya sinema. Zinapita kwanza mikononi mwa watafsiri wetu, wale wanaoweka sauti ya Kiswahili juu ya picha kwa mtindo ambao Lufufu na wenzake waliuzoesha watu tangu enzi za kanda za video. Halafu zinaingia kwenye flashi, na jioni ya Jumamosi zinaonyeshwa kibanda umiza. Kibanda chetu ni cha mabati, kina benchi za mbao, turubai jeusi dirishani, na spika mbili kubwa kuliko watoto wanaokaa mbele yake. Hakuna anayeulizwa umri mlangoni.

Niliingia nikaangalia. Mtafsiri alikuwa hodari, lazima niseme. Alimwita yule pepo "sista wa kuzimu", na kila shela lilipotokeza mwisho wa ukumbi mrefu aliishusha sauti hadi ikawa kama pumzi. Nikawaona watoto wa mstari wa mbele, mmoja baada ya mwingine, wakiinua miguu na kuikunja juu ya benchi, maana giza lilikuwa linaanzia chini.

Sina ugomvi na hadithi za kutisha. Nimelelewa nazo. Bibi yangu mzaa mama, Mwiraqw aliyezaliwa na kuzeekea kwenye vilima hivi, alitusimulia habari za netlangw, wale wa kwenye chemchemi na vijito, na jua likianza kuzama hakuna mtoto aliyethubutu kwenda kuchota maji peke yake. Juu alikuwako Looa, ambaye Wairaqw wa zamani walimwita mama na kumwona katika jua. Chini, majini, walikuwako hao wengine. Wazee walipokusanyika na kutamka slufay, mmoja akiongoza na wengine wakiitikia, waliomba mabaya yaondoke katika nchi na mema yakae. Hofu ile ilikuwa na mahali pake. Iliwalinda watoto na maji ya usiku, na nadhani iliilinda chemchemi pia, kwa kuwa hakuna aliyediriki kuichafua. Hata sinema zetu wenyewe, Mussa Banzi alipotengeneza Nsyuka na Shumileta mwanzoni mwa miaka ya 2000, zilichukua mizuka ambayo mtazamaji alikwisha kuisikia kwa bibi yake. Bibi yangu hakuwahi hata mara moja kutuambia kwamba shetani anakaa kwa masista.

Na alikuwa na sababu. Kanisa Katoliki hapa Karatu liko chini ya Jimbo la Mbulu, ingawa kiserikali sisi ni Arusha na Mbulu iko Manyara. Mapadre Wapallottini kutoka Ireland walifika katika nchi ya Mbulu miaka ya 1940. Mwishoni mwa miaka hiyo wakaja masista wa shirika la Medical Missionaries of Mary, wakaanza kazi Dareda. Shirika hilo lilianzishwa na Mama Mary Martin mwaka 1937, na mwaka huo haukuja kwa bahati. Hadi 1936 sheria ya kanisa haikuwaruhusu watawa kuzalisha wanawake. Ilionekana kazi hiyo haiwafai walioweka nadhiri ya usafi. Ruhusa ilipotoka Roma, Mama Mary Martin alikuwa amekwisha kuisubiri miaka mingi. Kwa hiyo wanawake waliokuwa wakifa na mimba zao katika vijiji vya nyanda za juu walianza kupokelewa na wanawake waliopigania haki ya kuwapokea. Kwa wengi wa kizazi cha mama yangu, uso wa kwanza walioinamiwa nao duniani ulikuwa umezungukwa na shela.

Sasa mjukuu wa kizazi hicho analiona shela anakimbia. Nasema hofu imekosea mlango. Sisemi kwamba nyumba za masista hazijawahi kuwa na kitisho. Zimekuwa nacho, na katika Afrika Mashariki zimekuwa nacho kingi kuliko mtunzi yeyote wa Marekani alivyowaza. Ila hakikutoka chini ya sakafu, na hakikuwa na macho ya manjano. Kilibisha hodi mlangoni. Wakati mwingine kilikuwa na funguo zake.

Tarehe 13 Januari 1889, katika vita vya Bushiri, misheni ya Wabenedikto ya Pugu ilishambuliwa. Sista Martha Wansing aliuawa pamoja na mabruda wawili. Tarehe 14 Agosti 1905, vita vya Majimaji vikiwa vimeanza, Askofu Cassian Spiss aliuawa njiani na mabruda wawili na masista wawili, Felicitas Hiltner na Cordula Ebert. Siwezi kuyataja mauaji haya bila kusema kwamba waliouinua mkuki walikuwa na hasira ya haki. Wale wa Majimaji walilimishwa pamba kwa nguvu, walitozwa kodi, walichapwa viboko na serikali ya Wajerumani, na sista alikuja katika nchi yao kwa njia ileile iliyofunguliwa na bendera ile. Hiyo nayo ni hadithi ya kutisha, na ni nzito kwa sababu hakuna pepo wa kumtupia lawama.

Lakini kisa ninachotaka kukaa nacho ni cha Kongo, kwa kuwa kiko karibu na lugha yetu na karibu na umri wa wazazi wetu.

Anuarite Nengapeta alizaliwa Wamba, kaskazini mashariki mwa Kongo, mwaka 1939. Akiwa binti mdogo alijiunga na shirika la masista wazalendo ambalo mpaka leo jina lake ni la Kiswahili, Jamaa Takatifu. Aliweka nadhiri mwaka 1959, akaitwa Marie-Clémentine, akaishi katika konventi ya Bafwabaka akifundisha watoto na kufanya kazi za nyumba. Mwaka 1964 uasi wa Simba ulikuwa umeshika sehemu kubwa ya mashariki ya nchi. Tarehe 29 Novemba wapiganaji walifika Bafwabaka, wakawapakia masista wote ndani ya lori, wazee na wanovisi pamoja, wakiwaambia wanapelekwa Wamba kwa usalama wao. Njiani lori likageuzwa kuelekea Isiro. Rozari, misalaba na medali walizovaa masista zilichukuliwa.

Isiro waliwekwa katika nyumba iliyoitwa Nyumba ya Buluu. Kanali mmoja, Ngalo, alimtaka Anuarite awe mke wake, na kanali mwingine, Pierre Olombe, akajitwika kazi ya kumpatia. Mama mkuu wa masista alisimama kati yao akasema mabinti hawa wameweka nadhiri. Usiku ule walipewa wali na samaki wa kopo, wale pamoja na askari. Anuarite hakuweza kumeza. Mtu yeyote aliyewahi kukaa mezani akijua kinachokuja baada ya chakula anaujua wali ule. Filamu ya kutisha ingeruka sehemu hiyo iende kwenye damu, na mimi ningemwomba mwongozaji akae papo hapo, kwenye sahani, dakika tano nzima bila muziki.

Baada ya hapo Olombe alijaribu kumwingiza garini kwa nguvu, yeye na mwenzake, Sista Jean-Baptiste Bokuma. Kwa muda mfupi akawaacha kufuata funguo, nao wakajaribu kutoroka. Aliwakamata, akawapiga kwa kitako cha bunduki. Mkono wa Sista Bokuma ukavunjika. Anuarite aliendelea kukataa, na kati ya mapigo alimwambia anamsamehe. Askari wakamchoma kwa singe, kisha Olombe akampiga risasi. Alikata roho usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba, akiwa hajafikisha miaka 25. Miezi kadhaa baadaye mwili ulipofukuliwa, kati ya vitu vilivyowasaidia kumtambua ni sanamu ndogo ya Bikira Maria aliyokuwa ameiweka mfukoni. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenye heri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985, na siku hiyohiyo, kwa jina la kanisa zima, akatangaza msamaha kwa muuaji.

Katika kisa hiki hakuna anayetembea ukutani. Yumo mtu mwenye cheo anayetaka kitu, mtu mwingine anayetaka kumfurahisha, na msichana anayesema hapana mbele ya wenzake wote huku akitetemeka. Walionusurika walisimulia kwamba alikuwa na hofu kubwa. Hicho ndicho kinachoniumiza na kunitia nguvu kila ninapokisoma. Filamu za pepo humfanya mtawa jasiri kuwa mtu asiyeogopa. Anuarite aliogopa mpaka chakula kikamshinda, na bado akakataa.

Kisa cha pili ni kibaya zaidi, na Mkatoliki mwenzangu asinikasirikie kwa kukitaja, kwa sababu kukificha ni kuwaua tena waliokufa.

Sovu ni kilima karibu na Butare, kusini mwa Rwanda, penye monasteri ya masista Wabenedikto na kituo cha afya pembeni yake. Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, Watutsi kwa maelfu walikimbilia pale. Tarehe 22 wauaji walifika, na watu mamia waliokuwa wamejifungia katika gereji walichomwa moto kwa petroli. Mwezi Mei, mama mkuu, Sista Gertrude Mukangango, alimwandikia barua kiongozi wa serikali wa eneo lile akiomba wakimbizi waliobaki ndani ya nyumba waondolewe, na miongoni mwao walikuwamo ndugu wa masista wenzake. Waliondolewa, wakauawa. Tarehe 8 Juni 2001 mahakama ya Brussels ilimhukumu yeye kifungo cha miaka 15, na Sista Maria Kisito Mukabutera miaka 12.

Walionusurika Sovu walisimulia jambo ambalo sijaweza kulisahau. Msichana mmoja kati ya wakimbizi aliomba apewe shela. Alitaka kulivaa ili wauaji wamdhanie mtawa wampite. Alinyimwa, akauawa pamoja na wengine.

Nilimfikiria msichana yule nilipomwona sista wa Ganako akichomoa pini zake. Kitambaa kilekile. Hollywood inatufundisha kukiogopa kinapokuja kwetu kizani. Katika kilima cha Sovu kitisho kilikuwa kukinyimwa. Wala si masista wote waliofanya hivyo. Aprili ileile, Gisenyi, Félicité Niyitegeka, mwanamke Mhutu aliyejiweka wakfu, alikataa kuwaacha Watutsi aliowaficha hata pale ndugu yake mwanajeshi alipotaka kumwokoa peke yake. Aliuawa pamoja nao. Rwanda leo inamhesabu kati ya mashujaa wake. Nyumba mbili za sala, nchi moja, mwezi mmoja, na kilichozitofautisha ni mtu aliyekuwa mlangoni alivyoamua.

Yako pia mambo yaliyofanyika bila vita. Sista Maura O'Donohue alikuwa daktari wa shirika lilelile la Medical Missionaries of Mary lililokuja Dareda. Alizunguka nchi nyingi akifanya kazi ya UKIMWI, na kote alikopita masista walimsimulia yale ambayo hawakuwa wamemwambia mtu. Mwaka 1994 aliandika ripoti na kuifikisha Vatikani. Ilihusu nchi 23, nyingi za Afrika ingawa si za Afrika tu, na ilisema kwamba mapadre waliwatumia masista kwa ngono, wengine wakiwaona kuwa "salama" kuliko wanawake wengine katika zama zile za ugonjwa. Ilieleza habari ya padre aliyempeleka sista kutoa mimba, sista akafia huko, na padre yuleyule akaongoza misa ya mazishi yake. Ripoti ilikaa makabatini hadi gazeti la National Catholic Reporter la Marekani lilipoichapisha mwaka 2001. Papa Fransisko alikiri hadharani kuwapo kwa tatizo hilo Februari 2019, akiwa ndani ya ndege akitoka Abu Dhabi. Kutoka ripoti mpaka kukiri ni miaka 25.

Kwa sababu hiyo siwezi kuzitia filamu zote za konventi katika kapu moja. Mwaka 2024 zilitoka mbili zilizoukaribia ukweli huo. Katika Immaculate, iliyoongozwa na Michael Mohan, sista kijana wa Kimarekani anahamia konventi ya Italia, anajikuta mjamzito bila kumjua mwanamume, na wakubwa wake wanamshangilia kama muujiza huku wakimfungia asitoke. Katika The First Omen ya Arkasha Stevenson, Roma ya mwaka 1971, msichana anayejiandaa kuvaa shela anagundua kwamba viongozi wa kanisa wenyewe wana hesabu zao juu ya miili ya wanawake. Ni filamu kali, hazifai kwa mtoto hata kidogo. Ila kitisho chao kina jina na kina cheo, kinazungumza kwa upole, na kinamwita msichana "binti yangu". Hapo mtunzi ameusogelea mlango wenyewe. Valak, kwa upande wake, anamsaidia mkosaji: mtoto akishaamini kwamba mbaya ni mwanamke mwenye shela, hatamtazama mtu anayetembea nyuma yake.

Kuna swali ambalo wazazi wa hapa huniuliza kila ninapolianza jambo hili. Je, mapepo hayako? Wasichana wa shule za bweni huanguka, hupiga kelele, hunguruma kwa sauti zisizo zao. Tumeona kwa macho. Mimi ni mtu wa imani, simwambii mtu kwamba hakuna roho mbaya. Ninawakumbusha tu Kashasha. Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache tu baada ya Uhuru, wasichana watatu katika shule ya misheni ya Kashasha, si mbali na Bukoba, walianza kucheka na hawakuweza kujizuia. Kicheko kikageuka kilio, kilio kikarudi kicheko. Kati ya wanafunzi 159, 95 walishikwa. Wengine kwa saa chache, mwingine hadi siku 16. Mwezi wa tatu shule ikafungwa, wasichana wakarudi nyumbani, na hali ile ikawafuata hadi Nshamba na vijiji vingine. Madaktari Rankin na Philip waliochapisha uchunguzi wao mwaka 1963 hawakukuta sumu wala kijidudu. Walikuta pia kwamba hakuna mwalimu hata mmoja aliyeshikwa.

Soma tena mstari huo wa mwisho. Waliokuwa na sauti ya kusema walibaki wazima. Waliopaswa kunyamaza, kukaa wima na kufaulu, miili yao ilisema kwa niaba yao. Ufaransa ilikuwa na kisa cha namna yake katika mji wa Loudun, ambako watawa Waursula walipagawa mbele ya umati, na mwaka 1634 padre Urbain Grandier akachomwa moto kwa kudaiwa kuwaroga. Kule walitafuta mtu wa kuchoma. Kashasha, angalau, walifunga shule na kuwapeleka watoto kwa mama zao, na hilo nalihesabu kwa heshima. Binti akianguka bwenini, mpelekeni kwa padre au mchungaji mkitaka, lakini mtu mmoja amkalishe baadaye, wakiwa wawili, amwulize ni nani anayemsumbua usiku. Wakati mwingine jibu ni mtihani. Wakati mwingine jibu ni jina la mtu.

Bodi ya Filamu hupanga sinema kwa umri, na utaratibu huo unapaswa kufika mpaka kwenye benchi za mbao za Karatu, usiishie Dar es Salaam. Nilikwenda kuzungumza na kijana mwenye kibanda chetu. Sikwenda kugombana naye, maana ana familia, na kibanda chake ndicho burudani pekee ya vijana wa huku mvua ikinyesha. Nilimweleza habari ya yule mtoto. Alinisikiliza, akaniambia mdogo wake wa mwisho naye amekataa chekechea wiki nzima bila kusema sababu. Tukakubaliana filamu hizo zisianze kabla ya saa tatu usiku, na watoto wote watoke kwanza. Hadi leo ameshika neno lake. Halafu akaniuliza, "Sasa mwalimu, niwaonyeshe nini kingine? Wanapenda kuogopa."

Swali lake ni la haki, na jibu hana yeye wala sina mimi. Jibu mnalo ninyi mnaotengeneza filamu, mlioko Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Goma. Kisa cha Isiro kimeandikwa, masista waliokuwamo ndani ya lori lile walikisimulia, na shirika lao bado lipo na jina lake la Kiswahili. Hakihitaji abasia ya Romania wala rangi nyeupe usoni. Kinahitaji lori, nyumba ya buluu, sahani ya wali na waigizaji wanaojua kunyamaza. Sikukuu ya Anuarite ni tarehe 1 Desemba kila mwaka. Itengenezeni filamu hiyo. Ikifika Ganako kiingilio nitalipa, na yule mtoto wa Jumapili ile, akifikisha umri, nitamshika mkono mwenyewe tuingie.